Fimbo ya Mbali na Kosa la Jirani

Sisi tunaokaa Tunduma hatuhitaji ramani ili tujue ya kuwa nchi zetu zimefungamana. Asubuhi tukienda kanisani twapita kando ya malori yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde. Mengine yanakwenda Lusaka, mengine Lubumbashi, na mengine yatavuka mto Zambezi pale Chirundu yaelekee Harare. Riziki ya wengi wetu imo katika foleni hiyo: mawakala wa forodha, makuli, mama lishe, wabadili fedha, wenye nyumba za wageni. Jambo likitokea huko kusini, sisi hulisikia mfukoni kabla ya kulisikia redioni.

Kwa sababu hiyo tumeona vema katika toleo hili tulitafakari swali ambalo limeleta ugomvi mwingi kati ya mataifa. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki Bunge la nchi moja litunge sheria ya kuiadhibu nchi nyingine kwa sababu nchi hiyo inawaonea raia wake? Tunapozungumza baada ya ibada, wako wanaosema kwamba huo ni ubabe wa wakubwa tu. Wako na wengine wanaosema kwamba afadhali awepo mtu wa kuwatia hofu wale wanaopiga watu. Pande zote mbili zina watu wema, na kila upande una ukweli wake. Basi tusiharakishe.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Zimbabwe. Mwaka 2001 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Sheria ya Demokrasia na Kufufua Uchumi wa Zimbabwe, na Rais George W. Bush akaitia sahihi tarehe 21 Desemba mwaka huo. Iliwaagiza wajumbe wa Marekani katika Benki ya Dunia, Shirika la Fedha la Kimataifa na vyombo vingine vya namna hiyo wapinge mikopo mipya kwa serikali ya Zimbabwe, na wapinge kusamehewa kwa madeni yake, mpaka ithibitishwe kwamba utawala wa sheria umerudi, uchaguzi ni huru, na jeshi na polisi vinatii serikali ya kiraia. Serikali ya Zimbabwe iliwaka hasira. Ilisema kwamba hicho ni kisasi kwa sababu ardhi imerudishwa kwa wananchi. Majirani wakasimama pamoja nayo. Mwezi Agosti 2019 wakuu wa nchi za SADC walikutana Dar es Salaam chini ya uenyekiti wa Rais John Magufuli, wakaitangaza tarehe 25 Oktoba kuwa siku ya kupinga vikwazo dhidi ya Zimbabwe. Siku hiyo ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka huo huo, katika mwezi ule ule ambao Marais wa Tanzania na Zambia walifungua kituo cha pamoja cha forodha hapa mpakani kwetu.

Sasa tuyapime majibu mawili tuliyoyataja.

Jibu la kwanza husema: kila nchi na mambo yake, mgeni asiingilie ugomvi wa nyumba ya watu. Jibu hili lapendeza masikioni, hasa kwetu tuliotawaliwa na wageni. Lakini sisi wa barabara hii hatuwezi kulikubali lote, maana tulikwisha kulikataa mbele ya dunia nzima. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia ili walowezi wachache waendelee kuwatawala wenyeji walio wengi. Naye alisema kwamba hayo ni mambo ya ndani. Makaburu wa Afrika Kusini walisema vivyo hivyo juu ya ubaguzi wao wa rangi. Je, tuliwasikiliza? Hata kidogo. Mwezi Juni 1959, kabla nchi yetu haijapata uhuru, Mwalimu Nyerere alisimama London pamoja na Padre Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi, katika mkutano wa kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Walisema hivyo kwa kuwa mtu anayeonewa ni ndugu, hata akiwa ng'ambo ya mpaka. Kama neno hilo la "mambo ya ndani" lilikuwa baya kinywani mwa Smith, haliwezi kuwa jema kinywani mwa mwingine kwa sababu tu rangi ya msemaji imebadilika.

Nabii Amosi alilijua jibu hilo kabla yetu. Alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa katika Yuda, akatumwa kusema huko Betheli, katika ufalme wa Israeli, nchi ya watu wengine. Kuhani Amazia akamwambia arudi kwao akatoe unabii huko, kwa sababu Betheli ni mahali pa mfalme. Hoja ya Amazia ndiyo hiyo hiyo ya mambo ya ndani. Amosi hakuikubali. Lakini tuangalie pia jinsi alivyoyapanga maneno yake. Aliyataja makosa ya Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu, na bila shaka wasikilizaji walikuwa wakitikisa vichwa kwa furaha. Kisha, kabla ya kufika kwa Israeli, akaitaja Yuda. Nchi yake mwenyewe hakuiruka.

Na hapo ndipo jibu la pili linapopungukiwa. Jibu hilo husema: kosa ni kosa, basi mwenye fimbo na apige. Lakini tuwatazame wenye fimbo. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya lazima juu ya Rhodesia mwaka 1966, ukavizidisha mwaka 1968. Hata hivyo mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilichoruhusu kromi ya Rhodesia iingizwe nchini mwao, kwa kuwa viwanda vyao viliihitaji. Kifungu hicho kilidumu mpaka 1977. Mwaka 1986 Bunge hilo hilo lilitunga sheria ya vikwazo dhidi ya Afrika Kusini, likaipitisha hata baada ya Rais Reagan kuikataa. Hatusemi kwamba aliyekosa jana hana ruhusa ya kutenda haki leo; kama ingekuwa hivyo, nani kati yetu angethubutu kufungua kinywa? Tunasema tu kwamba taifa kubwa laweza kuitaja haki pale isipowagharimu wenye viwanda vyao, na kuisahau pale inapowagharimu.

Basi kipimo ni nini? Kwa maoni yetu, ndugu wasomaji, kipimo kilicho wazi kuliko vyote ni gharama. Anayemkemea mwenzake kwa haki hukubali kubeba sehemu ya mzigo wa kemeo lake. Asiyekubali, huyo anatoa amri tu, au anajionyesha.

Sisi hapa twaweza kusema jambo hili bila kusoma vitabu vingi. Uingereza iliposhindwa kumwondoa Smith, Tanzania ilivunja uhusiano nayo tarehe 15 Desemba 1965, kama nchi za Afrika zilivyokubaliana huko Addis Ababa. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Uingereza ilikuwa itupe ulizuiwa. Nchi ilikuwa changa na maskini, na fedha hizo zilikuwa nyingi. Zambia nayo ilipata shida kubwa zaidi, maana mafuta yake na shaba yake vilikuwa vikipita Rhodesia. Ikabidi mafuta yaletwe kwa ndege na kwa malori kutoka Dar es Salaam, kwa barabara hii hii ipitayo hapa kwetu, ambayo siku hizo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Madereva wengi walikufa njiani, hata barabara ikapewa jina la mbio za jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika. Kisha ikaja reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Zaidi ya wafanyakazi 60 wa Kichina walifia katika kazi hiyo, pamoja na Watanzania na Wazambia. Smith alipoufunga mpaka wake na Zambia mwezi Januari 1973, Rais Kaunda alikataa kuutumia tena hata ulipofunguliwa, mpaka mwaka 1978 njaa ya mbolea na ugumu wa usafiri vilipomshinda.

Hiyo ndiyo maana ya kukemea kwa gharama. Filimbi ya treni tunayoisikia hapa ni ukumbusho wake. Watu waliokuwa na kidogo walikubali kupungukiwa ili jirani asikanyagwe. Na walioonewa wenyewe waliomba iwe hivyo. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliiomba dunia iiwekee Afrika Kusini vikwazo, akijua ya kuwa watu wake mwenyewe wangekuwa wa kwanza kukosa kazi.

Tukiipima sheria ya mwaka 2001 kwa kipimo hicho, twaiona nyepesi. Mtunga sheria wa Washington aliyenyosha mkono kuikubali hakulala njaa siku hiyo wala baadaye. Zimbabwe ni soko dogo sana kwake. Wazee wetu husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Walikuwa na maana kwamba kisicho mkononi hakikusaidii siku ya hatari, nasi twaweza kuongeza kwamba aitupaye fimbo kutoka mbali haoni imemwangukia nani. Waziri aliyekosa ana dola zake na daktari wake nje ya nchi. Mwalimu wa shule, mgonjwa na mkulima ndio wanaobaki na serikali isiyokopesheka.

Lakini, ndugu zetu, tusiishie hapo, maana tungekuwa tumesema nusu ya kweli. Tukilipima na tangazo letu la Dar es Salaam kwa kipimo hicho hicho, nalo ni jepesi. Lilitugharimu nini? Tulisimama na serikali ya Zimbabwe siku moja kwa mwaka. Je, na watu wa Zimbabwe tulisimama nao lini? Deni la Zimbabwe kwa Benki ya Dunia lilianza kutolipwa mwaka 2000, na lile la Shirika la Fedha mapema mwaka 2001, kabla ya sheria hiyo kutiwa sahihi. Na si Wamarekani waliobomoa nyumba za maskini mijini mwaka 2005. Kazi hiyo ilifanywa na serikali yao wenyewe, katika msimu wa baridi. Umoja wa Mataifa ulimtuma Mtanzania mwenzetu, Mama Anna Tibaijuka, akaone. Alikwenda, akatembea katika vifusi, akawasikiliza watu, akaandika kwamba watu wapatao 700,000 walikuwa wamepoteza makao, au njia ya kupata riziki, au vyote viwili. Taarifa hiyo haikutungwa na mtu wa mbali asiyejua shida za Afrika. Iliandikwa na mwanamke wa kwetu aliyekwenda kuona kwa macho yake.

Bwana wetu alitufundisha utaratibu wa kumkemea ndugu: umwendee kwanza wewe na yeye peke yenu, asiposikia, uchukue shahidi mmoja au wawili, asiposikia tena, uliambie kanisa. Utaratibu huu huanza karibu ndipo uende mbali. Mama Tibaijuka alikwenda kama shahidi. Askofu Mkuu Rowan Williams naye, wakati Waanglikana wa Harare walipofungiwa makanisa yao na polisi wakawafukuza hata waliokuja kusali, alikwenda mwezi Oktoba 2011 akakutana na Rais Robert Mugabe uso kwa uso na kumkabidhi maandishi ya mambo waliyotendewa waumini. Mwaka uliofuata mahakama kuu kuliko zote nchini humo iliwarudishia makanisa.

Sasa tujiulize: hapa kwetu, ule mlango wa karibu uko wapi? SADC ilikuwa na Mahakama yake mjini Windhoek. Mwaka 2008 ilitoa hukumu dhidi ya serikali ya Zimbabwe katika kesi ya mashamba. Serikali hiyo haikutii, na mwaka 2010 wakuu wa nchi hawakumwambia mwenzao atii, waliisimamisha Mahakama. Na mwezi Novemba 2019, mwezi mmoja tu baada ya siku ile ya kwanza ya kupinga vikwazo, serikali yetu wenyewe iliondoa tamko lililowaruhusu raia na vyama kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha. Mtu akifungiwa mlango wa jirani, tusishangae akienda kubisha mlango wa mbali. Sisi tuliofunga mlango wa karibu tumeiita fimbo ya mbali kwa mikono yetu.

Wala tusidhani habari hii ni ya Zimbabwe tu. Mwezi Mei 2025 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu ya kukamatwa kwa Ndugu Tundu Lissu. Na baada ya vifo vilivyotokea katika siku za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, Marekani ilitangaza mwezi Desemba kwamba inaupima upya uhusiano wake na nchi yetu. Wengi wetu tulisikia moyoni hasira ya mtu anayesemwa na mgeni mbele ya watoto wake. Hasira hiyo twaielewa. Lakini aliyefiwa na mwanawe hapa hangoji Ulaya imwambie kwamba amefiwa. Anangoja jirani yake aingie, akae naye, na kumwuliza nini kilitokea. Jirani akinyamaza kwa hofu, na mgeni akasema kwa kelele, yupi kati yao aliyemwacha mwenye msiba? Kumjibu mgeni ni haki yetu. Lakini jibu lenye nguvu ni kumwonyesha kwamba tumekwisha kuulizana wenyewe, na ya kwamba ukweli haufungiwi.

Tumalize kwa mfano mmoja unaotuhusu sisi watu wa mizigo. Mwezi Aprili 2008, baada ya uchaguzi wa Zimbabwe uliojaa ugomvi, meli ya Kichina iitwayo An Yue Jiang ilifika Durban ikiwa na silaha za kupelekwa Zimbabwe. Makuli wa bandari, kupitia chama chao cha wafanyakazi, walisema hawataishusha mizigo hiyo. Askofu wa Anglikana wa Natal, Rubin Phillip, alikwenda mahakamani pamoja na mwenzake, na mahakama ikazuia silaha hizo zisipitishwe nchini. Meli ikang'oa nanga. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia, jirani yetu wa hapo ng'ambo, aliyekuwa mwenyekiti wa SADC, akaziomba nchi zenye bandari zisiipokee. Tuangalie jambo hilo vizuri. Makuli hawakuzuia mahindi wala dawa. Walizuia risasi tu. Walikuwa karibu, waliujua mzigo, na kama kuna ambaye angepoteza ujira wa siku, ni wao. Hiyo ndiyo fimbo iliyo mkononi.

Kwa hiyo tunapoulizwa kama ni haki nchi moja kuiwekea nyingine sheria ya haki za binadamu, tusijibu ndiyo au hapana kwa haraka. Tuulize kwanza: Je, wanaoonewa wameomba hivyo? Je, aliyetunga sheria atabeba nini katika mzigo huu? Je, amekwenda kuona? Na sisi tulio karibu, tulikwisha kusema nini kabla yake? Swali hili la mwisho ndilo letu hasa, maana la kwanza hadi la tatu twaweza kuwaachia wakubwa.

Tuanze na nyumba yetu, kama Amosi asivyoiruka Yuda. Hapa Tunduma hupitishwa vijana kutoka Ethiopia wakielekea kusini, wakiwa wamefichwa katika malori kama magunia. Wengine wetu huwaona, na wengine hupata fedha kwa sababu yao. Yuko mgeni anayedaiwa fedha zisizo na risiti, na yuko mjane anayepokonywa kibanda. Hatuhitaji Bunge la nchi yoyote ili kusema neno juu ya hao. Linahitajika tu lile ambalo wazee wetu walikuwa nalo mwaka 1965, yaani kukubali kupungukiwa kidogo.

Tuwaombee ndugu zetu wa Zimbabwe, tuiombee nchi yetu na wote waliofiwa, na tujiombee wenyewe tusiwe majirani walionyamaza.